Mchagua Uzi Ndiye Mfumaji

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii imewafaa wazee na walimu kwa miaka na mikaka katika kuwakemea wavivu wanaotafuta kisingizio cha kuikwepa kazi. Lakini kila methali ina mipaka yake. Ipeleke Buxton, hapa kisiwani Mombasa, miongoni mwa akina mama wanaofuma vitambaa vya makochi, kofia za watoto, shali na mikoba kwa sindano ya kulabu, uone jinsi itakavyokataliwa. Katika kazi hiyo, asiyechagua uzi si mfumaji; ni mpotezaji wa saa zake, macho yake na fedha za watu.

Hebu fikiria hali ifuatayo, ambayo mfumaji yeyote wa kuuza anaielewa. Mama amepokea kazi ya vitambaa sita vya kochi kwa nyumba ya bi harusi. Arubuni ameshapewa, naye ameshanunulia uzi. Vipande vinne vimekwisha, viwili vimebaki, na donge la mwisho limeisha. Anashika njia hadi Mtaa wa Biashara. Dukani anaambiwa kwamba uzi ule haupo tena. "Chukua huu, mama. Ni mamoja tu." Kweli rangi ni nyeupe, unene machoni ni ule ule, na bei ni nafuu. Anauchukua. Wiki mbili baada ya harusi vitambaa vinafuliwa na kupigwa pasi. Vinne vinakaa kama vilivyokuwa. Viwili vinalegea kama jani la mgomba lililopitishwa motoni, wala havirudi tena katika umbo lake. Mteja hataki maelezo. Anataka fedha zake.

Kilichomponza mama huyu ni neno moja: mamoja. Na kwa kuwa maneno ndiyo kazi yangu, naomba msomaji aniruhusu nilichambue neno hilo kabla ya kuingia katika madonge na kulabu.

Katika isimu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kwamba visawe kamili ni adimu. Kufa na kufariki huwekwa pamoja katika kamusi, lakini haviwezi kubadilishana kila mahali. Mtu hufa, na mtu hufariki. Ng'ombe hufa, ila hafariki. Saa ya ukutani nayo hufa, na atakayesema imefariki atachekwa. Maneno mawili hukutana katika sehemu moja ya maana na kuachana katika nyingine, na ufundi wa mwandishi ni kujua ni sehemu ipi inayohitajika pale anapoandika. Uzi ni vivyo hivyo. Nyuzi mbili zaweza kulingana kwa unene zikaachana kwa asili. Zikalingana kwa asili zikaachana kwa msokoto. Zikalingana kwa yote hayo zikaachana kwa rangi. Anayesema "ni mamoja" ametaja sehemu moja tu na kuzinyamazia zilizobaki.

Kubadilisha uzi si jambo geni katika pwani yetu, wala si aibu. Katika magofu ya Kilwa wanaakiolojia wamechimbua vigae vingi vya duara vilivyotobolewa katikati, vilivyotumika kusokotea uzi. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alizisifu nguo zilizofumwa huko na kupelekwa hadi Misri. Na mwanzoni mwa karne ya 16, Mreno Duarte Barbosa aliandika habari za Waislamu wa Sofala, kusini kabisa mwa pwani hii, kwamba walikuwa na pamba yao nyeupe lakini hawakuwa na ujuzi wa kuitia rangi. Walifanyaje? Walizichukua nguo za rangi zilizotoka Cambay huko Bara Hindi, wakazifumua, kisha wakaufuma uzi ule wa rangi pamoja na uzi wao mweupe. Hawakusema kwamba uzi wa Cambay na wa Sofala ni mamoja. Walijua kila mmoja una nini na unakosa nini, wakaupa kila mmoja kazi yake.

Ufundi huo ungali hai. Mfumaji mwenye akili huenda Kongowea katika marundo ya mitumba, akachagua sweta lenye uzi mzuri, akalilipia kidogo na kulifumua nyumbani. Lakini hata huko, kuchagua ni lazima. Sweta lililofumwa vipande na kuunganishwa kingo zake zikiwa nzima hufumuka kwa uzi mmoja mrefu. Lililokatwa kutoka katika kitambaa kipana na kushonwa kwa cherehani ya kuziba kingo hufumuka vipande vifupi vifupi, kila mstari na kipande chake, na haliwezi kufumiwa kitu cha maana. Kwa hiyo geuza sweta nje ndani, utazame mishono ya ubavuni kabla ya kutoa hela. Uzi uliofumuliwa huwa umejikunjakunja. Ukusanye shada, ulifue, ulianike likiwa limefungiwa kitu kizito kwa chini, nao utanyooka.

Sasa tuingie katika tatizo la majina, ambalo kwa maoni yangu ndilo mzizi wa hasara nyingi. Kiswahili hakina ufukara wa majina ya nyuzi. Tuna pamba, hariri, kitani, katani na sufu. Tuna hata sufi, ile ya msufi tunayoijaza mitoni na magodoro, ambayo nyuzi zake ni fupi na telezi mno hata hazisokoteki vizuri peke yake. Herufi moja tu ya mwisho hutenganisha kilichofaa kwa mto na kilichofaa kwa shali. Sufu, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni manyoya ya kondoo. Lakini ingia dukani leo uombe uzi wa sufu. Aghalabu utapewa akriliki, uzi uliotengenezwa kiwandani kwa kemikali zitokanazo na mafuta ya petroli, ulioanza kuuzwa Marekani mwaka 1950. Muuzaji hana nia ya kudanganya. Jina limehama kutoka kwenye kondoo likaenda kwenye unene na ulaini: kila uzi mnene wenye manyoyamanyoya umekuwa sufu. Wanaisimu huuita mchakato huo upanuzi wa maana, na hatuna sababu ya kuulalamikia, kwa kuwa lugha zote hufanya hivyo. Merikani lilikuwa jina la nchi, likawa jina la kitambaa. Tatizo ni kwamba pasi ya moto haisomi kamusi. Sufu ya kweli, ikipigwa pasi ya wastani kupitia kitambaa chenye unyevu, hutulia na kupendeza. Akriliki ikipigwa pasi hulegea kabisa.

Kwa kuwa jina halitoshi, mfumaji sharti auulize uzi wenyewe. Swali la kwanza ni asili yake. Lebo ikikosekana au ikiwa katika maandishi yasiyosomeka, moto utasema. Kata uzi wa urefu wa kidole, ushike kwa koleo juu ya sufuria yenye maji, mbali na watoto na pazia, uuwashe ncha. Pamba huungua kama karatasi, hutoa harufu ya karatasi, na majivu yake ni laini ya kijivu. Sufu huungua kwa kusitasita, moto ukiondolewa hujizima, na harufu yake ni ya nywele zilizoungua. Akriliki na poliesta huyeyuka na kuacha kishanga kigumu kisichovunjika vidoleni. Uzi wa mchanganyiko huleta dalili mchanganyiko. Jaribio hili halichukui hata dakika moja, nalo lingemwokoa mama yetu.

Kwa nini asili iwe na uzito kiasi hicho? Kwa sababu ya joto letu na jasho letu. Pamba hunywa unyevu na kuuachilia. Poliesta na akriliki huunywa kidogo sana. Kofia ya mtoto iliyofumwa kwa akriliki itamfaa mtoto wa Limuru asubuhi ya mwezi wa Julai. Mtoto wa Mombasa mwezi wa Machi ataivua na kuitupa, naye atakuwa na haki. Tena pamba ikilowa huongezeka nguvu, ndiyo maana hustahimili kufuliwa mara kwa mara. Na kitambaa cha kochi kinachotakiwa kusimama wima kwa wanga hutaka pamba, maana pamba huunywa wanga na kuushika. Kwa upande mwingine, blanketi la kupelekwa bara, ambalo litafuliwa ovyo na kukaliwa na paka, halina haja ya uzi wa bei kali: akriliki ni nyepesi, haipungui kwa maji ya kawaida, na nondo hawaitaki.

Hapa pana jambo ambalo wafumaji wetu wengi hawaambiwi. Vielelezo vingi vya kufuma vimetoka katika nchi za baridi na viliandikwa kwa kufikiria sufu. Sufu huvutika na kurudi. Pamba huvutika na kubaki pale ilipovutwa. Ukifuma kwa pamba kofia iliyokusudiwa sufu, kwa hesabu ile ile ya vishono, baada ya mwezi itamfika mvaaji machoni. Dawa yake ni kupunguza vishono vya mzingo, au kutumia kulabu nyembamba kidogo ili mfumo ukaze. Huku ndiko kutafsiri hasa: si kuhamisha neno kwa neno, bali kuhamisha kusudi.

Swali la pili ni unene, na hapo namba zimewekwa kana kwamba ni mtego. Nyuzi nyembamba za pamba za kufumia vitambaa huandikwa 10, 20, 40, 60 na kuendelea, na kadiri namba inavyopanda ndivyo uzi unavyokuwa mwembamba. Namba 10 ndiyo iliyozoeleka kwa vitambaa vya meza na vya makochi. Lakini madonge ya nyuzi nene, yakifuata mpango wa Wamarekani wa kuanzia 0 hadi 7, hufuata kanuni ya kinyume: namba ikipanda, uzi hunenepa. Kulabu nazo zina ugomvi wao, kwani zile nyembamba za chuma zilizoandikwa namba huwa nyembamba zaidi namba inapokua, ilhali zilizoandikwa milimita huwa nene zaidi. Shauri langu ni kuziacha namba na kushika milimita kwa kulabu, na rula kwa uzi. Zungusha uzi wa zamani kwenye rula, mizunguko ikigusana bila kubanana, uhesabu mizunguko ndani ya sentimita 5. Fanya hivyo kwa uzi mpya. Hesabu zikilingana, unene unalingana, hata kama lebo moja ni ya Kichina na nyingine ni ya Kituruki.

Swali la tatu ni urefu, nalo ndilo linalokula fedha kimyakimya. Wengi hununua uzi kwa uzito, ilhali kitambaa hufumwa kwa mita. Pamba ni nzito kuliko sufu na akriliki kwa unene ule ule, kwa hiyo gramu sawa hazileti urefu sawa. Tuseme kielelezo kinataka madonge 8 ya gramu 50, kila moja likiwa na mita 125. Hizo ni mita 1,000. Uzi wa pamba uliopo dukani nao una gramu 50 kwa donge, lakini mita 85 tu. Atakayenunua madonge 8 kwa kufuata uzito atapata mita 680, na kazi itamkatikia njiani akiwa amebakisha mita 320. Anayehitaji mita 1,000 atanunua madonge 12. Gawanya mita zinazotakiwa kwa mita za donge moja, na baki lolote lihesabiwe kama donge zima.

Swali la nne ni msokoto na mng'aro. Mwaka 1844 Mwingereza John Mercer alianza kugundua jinsi pamba inavyobadilika ikitiwa katika magadi makali. Akapata hataza ya ugunduzi wake mwaka 1850. Baadaye, mwaka 1890, Horace Lowe alionyesha kwamba pamba hiyo ikivutwa na kushikiliwa wakati wa kutiwa dawa, hupata mng'aro unaokaribia wa hariri. Uzi wa namna hiyo hushika rangi vizuri, hauoti vinyweleo, na maua yaliyofumwa kwao huonekana petali kwa petali. Pamba isiyotiwa dawa hiyo ni laini zaidi na haina mng'aro. Inafaa nguo ya mtoto na kitambaa cha kuoshea vyombo. Ukizichanganya mbili hizi katika kitambaa kimoja, zote zikiwa pamba na zote zikiwa nyeupe, jicho la mgeni litaona tofauti tangu mlangoni.

Swali la tano ni rangi. Kiwanda hutia rangi kwa pishi, na pishi moja halilingani kamwe na jingine, kama vile biriani la leo na la jana la mpishi yule yule. Lebo nzuri huwa na namba ya rangi na namba ya pishi. Nunua madonge yote ya kazi moja kutoka pishi moja, na ikiwezekana uongeze moja la akiba. Kama pishi limeisha, usianze donge jipya katikati ya kipande. Lifanye liwe ukingo, au ufume mstari mmoja wa uzi wa zamani na mmoja wa mpya kwa zamu, ili tofauti ionekane kuwa ya makusudi.

Baada ya maswali yote hayo, ushahidi wa mwisho ni sampuli. Fuma kipande cha mraba cha sentimita 10 hivi, uhesabu vishono na mistari, kisha ukifue kwa maji yale yale ambayo mteja atatumia, hata kama ni ya kisima chenye chumvi kama vingi vya kisiwani kwetu. Kianike, kipime tena. Kama kimepungua, kimevutika au kimetoa rangi, umejua kwa hasara ya mita chache badala ya vitambaa sita.

Ipo pia hatari iliyo ya lugha tupu. Vitabu vya Uingereza na vya Marekani hutumia majina yale yale kwa vishono tofauti. Kile ambacho Mwingereza hukiita dabo ni kifupi. Mmarekani akitamka jina hilo hilo anakusudia kishono kirefu zaidi, ambacho kwa Mwingereza ni trebo. Mfumaji wa Buxton aliyefundishwa na masista au na bibi yake kwa utaratibu wa Kiingereza, akishika kielelezo cha Marekani bila kujua, hujikuta kitambaa chake ni kifupi na kizito kuliko cha pichani, kisha huulaumu uzi usio na kosa. Kabla ya kubadilisha uzi, basi, hakikisha kielelezo kimeandikwa kwa Kiingereza cha nani.

Nimeyaeleza haya kwa marefu kwa sababu nina hoja. Maarifa haya ni ya fedha. Mtaa wa Buxton umebadilika. Nyumba zake za zamani za manispaa zilianza kubomolewa mwaka 2021 ili kupisha majengo marefu mapya. Lakini kochi halijaacha kutaka kitambaa wala mtoto hajaacha kutaka kofia, na kwa mama asiye na ajira ya mshahara, kulabu na donge ni duka lisilolipa kodi ya nyumba. Duka hilo hufilisika kwa kosa la uzi mmoja. Nasi tumemwacha mwenye duka hilo abahatishe, kwa kuwa maelezo ya bidhaa anayoinunua yako katika lugha zisizo zake.

Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Ibara ya 46 inampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa anayonunua. Ziweke ibara hizo mbili pamoja. Je, ni kuomba makubwa kutaka kila donge la uzi liuzwalo Kenya liwe na kibandiko cha Kiswahili chenye mambo manne: asili ya uzi, urefu kwa mita, namba ya pishi la rangi, na namna ya kuufua? Waagizaji wa bidhaa watasema ni gharama. Gharama ya kibandiko haifiki hata kidogo kwenye gharama ya vitambaa sita vilivyorudishwa.

Na sisi wa vyuo vikuu tuna deni letu. Tumetunga istilahi za fizikia na za sheria, jambo jema, lakini tumesahau kwamba neno mfumo, tunalolitumia kwa siasa na kwa uchumi, tulilikopa kwa wafumaji. Wanafunzi wetu wanaotafuta mada za tasnifu wangefanya vyema kukaa barazani na wafumaji wa Buxton na wa Mji wa Kale, wakaandika jinsi wanavyotofautisha uzi mkavu na unaong'ara, unaojisokota na unaotulia, kabla maneno hayo hayajapotea pamoja na wenyewe. Kamusi ndogo ya nyuzi, kulabu na vishono ingetumika katika vyuo vya ufundi mara tu ikichapishwa.

Hatimaye, tusisahau kwamba pamba hulimwa karibu nasi, huko Mpeketoni na Hindi katika Lamu. Viwanda vyetu vya nguo, kama Kicomi cha Kisumu na Rivatex cha Eldoret, viliyumba soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990, hata Rivatex ikaja kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Wanaotafuta pa kuanzia kuifufua pamba wafikirie pia uzi wa kulabu: donge dogo, bei ya wastani, na mnunuzi anayerudi dukani kila mwezi.

Hadi hayo yatimie, silaha ya mfumaji ni swali. Siku muuzaji atakaposema "ni mamoja tu, mama," na ajibiwe kwa upole: "Mamoja kwa lipi, mwanangu? Kwa asili, kwa unene, kwa urefu, au kwa rangi?" Akiweza kujibu, nunua. Asipoweza, omba kipande cha uzi cha urefu wa kidole, nenda nacho nyumbani, ukakiulize mwenyewe.